Alama 95 Hazifungui Fremu

Miezi mitatu baada ya kiharusi, mjomba wangu alirudi kliniki na kuulizwa maswali kumi. Unakula mwenyewe? Unaoga mwenyewe? Unavaa? Haja kubwa na ndogo unazimudu? Ngazi unapanda? Mengi alijibu binti yake, kwa sababu maneno ya mjomba yalikuwa bado yanatoka moja moja. Alama tano zikapungua kwenye kuoga, kwani lazima mtu ammiminie maji mgongoni. Kwenye faili ikaandikwa 95 kati ya 100. Tulitoka pale tukimshukuru Mungu.

Kesho yake akataka apelekwe Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwenye fremu yake ya vitenge. Hakukaa hata saa nzima. Mteja wa kwanza, mama aliyeletwa na winga, aliuliza bei ya jora. Bei mjomba alikuwa anaijua, tuliiona machoni mwake, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa "kumi... kumi..." na mkono wa kushoto ukipapasa kaunta. Yule mama akautazama mdomo uliovutwa upande mmoja, akamnong'oneza winga, wakahamia fremu ya jirani. Jioni tukasikia mtaani kwamba mzee siku hizi anakunywa.

Tangu siku ile ninaifikiria ile 95. Haikukosewa. Aliyeijaza alifanya kazi yake kwa uaminifu na kwa upole. Ila ndiyo karatasi pekee inayosema hali ya mjomba baada ya kiharusi, na kwa mujibu wake mtu huyu karibu amepona.

Kipimo chenyewe, kinachoitwa cha Barthel, kina historia yake. Kilitolewa mwaka 1965 na Florence Mahoney, daktari, na Dorothea Barthel, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wa muda mrefu katika jimbo la Maryland, Marekani. Mambo kumi, jumla alama 100. Kimedumu kwa sababu ni rahisi: hakihitaji mashine, kinamalizika kwa dakika chache, na muuguzi wa Dar es Salaam anaweza kulinganisha mgonjwa wake na wa Moshi au wa Glasgow. Jambo linalosahaulika ni onyo la hao hao waliokitunga. Waliandika wazi kwamba mwenye alama 100 si lazima aweze kuishi peke yake. Huenda asiweze kupika, kutunza nyumba, wala kukabiliana na watu wa nje.

Kukabiliana na watu wa nje! Kariakoo kazi ni hiyo. Ukiondoa hilo hubaki na biashara, unabaki na chumba chenye vitambaa. Mwenye fremu hushinda siku nzima akizungumza: anapatana bei na mteja wa Lubumbashi, anabishana na mpagazi juu ya ujira, anapigiwa simu kwamba mzigo umeingia, anahesabu chenji huku jicho lake moja likiwa mlangoni. Katika yale mambo kumi hakuna hata moja linalouliza kama mtu anaweza kusema anachotaka kusema. Aliyepoteza lugha kabisa, ambaye hata jina la mwanawe halimtoki, anaweza kupata 100 kamili.

Tukiacha biashara tukarudi nyumbani, mambo hayaelekei kuwa tofauti sana. Chukua kula. Maelezo ya awali ya kipimo yalitaja kukata chakula, kutia chumvi na kupaka siagi kwenye mkate. Mjomba amepooza mkono wa kulia, na kwetu mkono wa kulia ndio unaoingia kwenye sinia; wa kushoto una kazi yake chooni, na kila mtoto wa Pwani amewahi kupigwa kofi mkononi kwa kuusahau utaratibu huo. Anakula mwenyewe, ndiyo, kwa kijiko, kwa kushoto, kwenye sahani ya peke yake. Alama zote kumi anazo. Lakini tangu augue hajakaa tena kwenye sinia na wenzake baada ya sala ya Ijumaa, na kwenye hitima ya jirani yetu alikaa nje barazani mpaka watu walipomaliza. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwuliza pia.

Choo nacho. Hospitali ina choo cha kukaa na vyuma vya kushikia ukutani. Nyumba yetu ya Ilala ni ile ya zamani, ya vyumba sita na ukumbi katikati, choo kiko uani na ni cha kuchuchumaa. Goti lililokakamaa halichuchumai. Tulimwendea fundi seremala wa Keko akatutengenezea kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, na kiti hicho kilimpa mjomba heshima kuliko kitu kingine chochote tulichonunua. Kwa hiyo alama za choo alizopata ni za mwili wake, au ni za fundi wa Keko? Siulizi kwa kutafuta ubishi. Anayetaka kujua mtu ana ulemavu kiasi gani lazima aijue nyumba anayoishi.

Ngazi za Kariakoo kila mtu anazijua. Maghorofa yamepanda juu ya viwanja vya nyumba za zamani, maduka yamefika ghorofa za kati, na marobota ya vitambaa yanashuka kwenye mabega ya vijana ambao hawawezi kusimama kumpisha mtu. Kipimo kinataka mtu apande na kushuka bila msaada, na kinaruhusu kushika reli. Kwenye jengo la stoo ya mjomba reli imezibwa na maboksi.

Kuna kipimo kingine, cha John Rankin wa Scotland, cha mwaka 1957, ambacho baadaye kiliboreshwa. Huanzia 0, yaani hana dalili yoyote, na katika sura yake ya leo huishia 6, yaani amefariki. Daraja la 2 ni la mtu asiyeweza kufanya yote aliyokuwa akiyafanya zamani, ila anajitunza mwenyewe bila msaada. Huitwa ulemavu kidogo. Katika majaribio mengi ya dawa za kiharusi duniani, mgonjwa aliyeishia kati ya 0 na 2 huhesabiwa kuwa amepata matokeo mazuri. Ninaelewa sababu: penye vifo vingi, anayejitunza ni ushindi. Ila "yote aliyokuwa akiyafanya zamani" kwa mjomba maana yake ni kodi ya fremu, ada za wajukuu wawili, na dawa zake mwenyewe za presha. Neno "kidogo" hapo limechaguliwa na mtu anayelipwa mshahara hata akiwa kitandani.

Na jambo hili si la familia moja. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 katika eneo la Dar es Salaam na wilaya ya vijijini ya Hai uliwapata wagonjwa 636 wa kiharusi. Baada ya kusawazisha umri, Dar ilikuwa na wagonjwa wapya karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai karibu 109. Mjini ni karibu mara tatu ya kijijini. Mchango wa presha isiyotibiwa unajulikana. Kinachozungumzwa kidogo ni kwamba wengi wanaonusurika ni watu ambao bado wanategemewa, na wanarudi katika mji ambao kazi yake ni ya mdomo, miguu na mikono.

Hapo ndipo kipimo kinapogeuka kuwa suala la haki. Mafao ya ulemavu ya NSSF ni ya wanaochangia, na wengi wa Kariakoo hawajawahi kuchangia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusu madhara yatokanayo na kazi, na kiharusi cha alfajiri kitandani hakiingii humo. Inabaki mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mjomba angeweza kuomba kwenye ile 2, aweke kijana wa kuuza na yeye asimamie. Lakini atakuwa mbele ya meza ya ofisi, anatembea kwa miguu yake, faili lake linasema 95. Macho yetu yamezoea kuutambua ulemavu kwa kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe.

Sheria yetu imeona mbali kuliko macho hayo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inautazama ulemavu kama kupotea au kupungua kwa nafasi ya mtu kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine. Soma tena: kushiriki, sawa na wengine. Kwa tafsiri hiyo mzee aliyekaa barazani wakati wenzake wako kwenye sinia ana ulemavu, hata kama misuli yake ya paja imerudi. Na maswali ya ulemavu yaliyotumika kwenye sensa yetu ya 2012 yaliuliza kuhusu kumbukumbu, jambo ambalo fomu ya kliniki inaliruka. Sheria tunayo na sensa imekwisha kuonyesha njia. Fomu ya kliniki ndiyo iliyobaki mwaka 1965.

Nimewahi kujibiwa kwamba nikipanua maswali nitafungua mlango wa udanganyifu, kila mwenye kichwa kinachouma atajiandikisha mlemavu. Hofu hiyo ina msingi, maana mikopo hii imewahi kuchukuliwa na vikundi hewa. Lakini vikundi hewa havikuzaliwa na maswali mengi. Vilizaliwa kwa sababu hakuna aliyekwenda kuvitazama. Mtu akitazamwa nyumbani kwake na mahali pa kazi yake ni vigumu zaidi kudanganya kuliko akiulizwa kwenye benchi la kliniki.

Jibu zito zaidi nililopata lilitoka kwa mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo. Alisema: ukimpima mtu nyumbani, unapima upendo wa familia yake. Ana haki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2001, linatenganisha uwezo wa mtu na utendaji wake: anachoweza kufanya akipewa nafasi, na anachofanya hasa katika maisha yake. Kwetu tofauti hiyo ni kubwa kwa sababu mgonjwa hubembelezwa. Mke wa mjomba alimlisha kwa mkono wake wiki sita, wakati hospitali ilishamfundisha kushika kijiko. Ukimwambia amwache ajaribu, anakutazama kama umemtukana mumewe. Kumwacha mgonjwa ahangaike na kifungo cha shati ni aibu kwa nyumba nzima, na jirani akipita atasema.

Kwa hiyo pande zote mbili zipimwe, na tofauti kati yake iandikwe, maana tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha pa kusaidia. Penye uwezo bila utendaji, zungumza na familia. Panapokosekana uwezo wenyewe, leta mazoezi, kiti cha fundi, au mkopo.

Kipimo cha Barthel kibaki hospitalini. Kazi yake kinaijua. Lakini mgonjwa akishatoka, mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuate alipo na aulize mambo ya mji huu. Anaweza kutaja bei na kurudisha chenji? Anaingiza namba ya siri ya simu bila kumpa mtu mwingine? Anavuka barabara ya Msimbazi? Anapanda daladala konda akiwa anapiga bati? Anakwenda msibani, na akifika anakaa na nani? Hai wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana: watafiti wa ugonjwa wa usahaulifu, katika kazi iliyochapishwa 2014, walitunga maswali kutokana na mambo ambayo wazee wa huko wanatarajiwa kufanya katika familia na jamii zao, wakayajaribu vijijini. Kariakoo, inayowalisha watu wa nchi kadhaa, inastahili maswali yake. Na jibu liandikwe kwenye karatasi ambayo afisa ustawi wa jamii ataipokea bila kumtaka mtu avue shati kuthibitisha.

Sisi nyumbani hatukusubiri. Binamu yangu aliandika bei za kila aina ya kitenge kwenye vipande vya kadibodi, mjomba ananyoosha kidole. Juzi mteja alimpa noti za elfu kumi, akawa anazihesabu kwa mkono wa kushoto, moja moja, akizilaza juu ya kaunta. Alipofika ya saba akapotea. Akazikusanya, akaanza upya. Binti yake alikuwa amesimama pembeni, mikono ameifunga nyuma, na mteja, sijui ni kwa nini, alisubiri.