Maoni Yetu: Muuguzi wa macho naye apelekwe mkutanoni

Wataalamu wa macho wa ukanda wetu wana desturi ya kukutana. Chuo cha madaktari bingwa wa macho cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COECSA, chenye makao yake Nairobi, kilizaliwa mwaka 2012 baada ya vyama viwili vya zamani kuungana, na kongamano lake huhama nchi hadi nchi. Chini ya kongamano hilo kuna mikutano midogo ya kitaifa, ya kanda na ya mkoa. Watu hukaa siku mbili tatu, wakasikiliza mada, wakapata pointi za mafunzo endelevu ambazo mabaraza ya taaluma huzidai kabla ya kuhuisha leseni, kisha wakarudi vituoni. Mikutano hii tunaiunga mkono bila kusita. Tunachohoji ni nani anayepewa nauli ya kwenda.

Barua ya mwaliko ikifika hospitali ya wilaya hupita meza tatu nne. Mwisho wa safari yake huenda mwenye cheo, au haendi mtu kwa kuwa fungu limekwisha. Muuguzi wa macho huambiwa abaki. Ndiye anayefungua kliniki asubuhi, anayepima wagonjwa kwa chati ya herufi E iliyobandikwa ukutani, anayetoa vibanzi vya chuma machoni mwa mafundi wa kuchomelea, anayeamua nani apewe dawa aende nyumbani na nani aandikiwe rufaa leo hii. Anaambiwa abaki kwa sababu akiondoka chumba kitafungwa. Ni kweli, kitafungwa, maana yuko peke yake. Lakini aliye peke yake ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kukaa na wenzake na kuuliza, "Ninyi mgonjwa wa namna hii mnamfanyaje?"

Tuangalie hesabu. Mpango wa kimataifa wa Vision 2020, uliozinduliwa 1999, uliwekea Afrika lengo la daktari bingwa wa macho mmoja kwa kila watu 250,000. Kwa sensa ya 2022 Tanzania ina watu milioni 61.7, kwa hiyo tungehitaji mabingwa wapatao 250. Tuko mbali sana na idadi hiyo, na mabingwa tulio nao wengi wako mijini. Hali ya majirani zetu haitofautiani sana na hii. Kwa mkulima wa Kongwa au mvuvi wa Ukerewe, jicho lake kwa mara ya kwanza, na mara nyingi kwa mara ya mwisho, huangaliwa na muuguzi, tabibu au mtaalamu wa optometria. Elimu mpya isipomfikia huyu haijamfikia mgonjwa.

Chukua vikope, ugonjwa ambao vitabuni huitwa trakoma. Maambukizi ya utotoni yakirudiarudia, kope la juu hufanya kovu kwa ndani, likajikunja, na nywele zake zikawa zinakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Kila pepeso ni maumivu, na mwisho wake ni upofu. Wanaofikia hatua hiyo wengi wao ni wanawake, kwa sababu ndio wanaolea watoto na kuambukizwa upya mara kwa mara. Tiba yake ni upasuaji mfupi wa kulikunjua kope, na katika nchi nyingi za ukanda huu hakuna anayemngoja bingwa aje kuufanya. Hufanywa na wauguzi na matabibu waliofundishwa, kwenye zahanati, hata darasani shule zikifungwa.

Sasa upasuaji huo una njia mbili kuu. Ya kwanza hukata kope lote, toka ngozi ya nje hadi ndani. Ya pili hukata upande wa ndani tu, ngozi ya nje ikaachwa nzima. Mwaka 2016 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa Amhara, Ethiopia, kwa wagonjwa 1,000, nusu wakipasuliwa kwa njia moja na nusu kwa nyingine. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa kwa njia ya kwanza nywele ziliwarudia 22 katika kila 100. Kwa njia ya pili ziliwarudia 13. Tofauti ni watu tisa katika kila mia, watu tisa ambao wangerudi kwenye maumivu yale yale huku wakiamini kwamba hospitali imeshindwa. Muuguzi aliyefundishwa njia moja miaka kumi na tano iliyopita ataisikia habari hii wapi? Wilayani kwake hakuna maktaba ya majarida. Na hata akiisoma, kuihamisha kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kope la mtu ni kazi ya mikono, inayotaka mtu wa kusimama pembeni na kusema, "Kisu kishike hivi, usiende karibu zaidi ya hapo."

Habari nyingine ilitoka hapa hapa nyumbani. Watafiti wakiwa hospitali ya KCMC, Moshi, walichukua wagonjwa 201 wa presha ya macho, wakawagawa makundi mawili: wengine wakapewa matone ya timolol ya kutumia kila siku, wengine wakapigwa mwanga wa leza, uliorudiwa mara moja kwa waliohitaji. Matokeo yalichapishwa 2021 katika jarida hilo hilo. Baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na kwa asilimia 31 tu ya yale ya matone. Huu ni ushahidi uliopatikana kwa watu wetu, katika mazingira yetu ya chupa ya dawa inayoisha kabla ya hela nyingine kupatikana. Wasomaji wa jarida hilo walishausikia. Swali ni kama ameusikia muuguzi wa Same, aliye mwendo wa basi tu kutoka Moshi, ili mgonjwa wake mwenye uwezo wa kufika amwelekeze huko badala ya kumwandikia chupa nyingine.

Atakayebaki na matone naye ana lake la kufundishwa. Mwangalie mzee akijiwekea dawa: anainua uso, anakamua, tone linaangukia shavuni, anakamua tena, matatu yanaingia kwa pamoja na kumwagika. Chupa ya mwezi inakwisha kwa wiki mbili. Namna sahihi ni kuvuta kope la chini, kudondosha tone moja, kufumba jicho bila kulikaza, na kubonyeza kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili hivi ili dawa isikimbilie kooni na kuingia mwilini. Jambo hilo ni la dakika tano. Kwa timolol lina uzito wa pekee, maana ikiingia mwilini inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Mkutano mzuri huwapa wauguzi nafasi ya kulifanya, kila mmoja akimwekea mwenzake tone la maji chumvi, kisha wakaulizana kilichoshindikana.

Kuna magonjwa ambayo waliosoma zamani hawakuyakuta kabisa. Wodi zetu za watoto njiti zimepata mashine na oksijeni, na watoto ambao zamani wangekufa sasa wanaishi. Hilo ni jema lisilo na mfano. Ila oksijeni ikitolewa bila kupimwa, mishipa ya retina ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kuota ovyo na kuivuta retina ikabanduka, na mtoto akawa kipofu katika miezi michache ya kwanza ya maisha yake. Nafasi ya kumwokoa ni wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Muuguzi wa macho akilijua hili atakwenda mwenyewe wodi ya wazazi kuuliza nani kazaliwa na kilo moja na nusu. Asipolijua, mtoto ataletwa ana mwaka, na hapo hakuna la kufanya.

Saratani ya jicho la mtoto nayo ni hivyo. Mama ndiye huiona kwanza: weupe unaong'aa ndani ya mboni, pengine kwenye picha ya simu. Nchi tajiri huwaponya karibu watoto wote wenye ugonjwa huu. Kwetu wengi hufika jicho limeshavimba na kutoka nje, kwa sababu pale mwanzo mtu fulani alimwambia mama, "Atakua, litaisha." Kipimo chake ni cha kumulika mboni na kutazama kama inarudisha mwanga mwekundu, na leo kuna vifaa vidogo vya bei nafuu vya kufanyia hivyo, kama Arclight iliyobuniwa Chuo Kikuu cha St Andrews, inayochajiwa kwa jua. Nesi wa kliniki ya mama na mtoto anaweza kufundishwa asubuhi akaanza kazi mchana. Tunaomba mikutano ya macho ya kanda iwaalike na hawa, wasio wa macho kabisa.

Waandaaji nao wana la kusikia kutoka kwetu. Ratiba ya hotuba ishirini, slaidi juu ya slaidi, na maswali mawili kabla ya chai, inamchosha msikilizaji na haimbadilishi mpasuaji. Ushahidi upo. Utafiti uliofanywa kwa madaktari waliokuwa masomoni Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe, ukachapishwa 2021, uliwachukua baadhi yao kufanya mazoezi mazito ya upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye macho ya bandia kabla ya kugusa jicho la mtu. Ustadi wao uliwapita kwa mbali wenzao waliofuata mafunzo ya kawaida. Kwa hiyo nusu ya muda wa mkutano iwe mezani, watu wakiwa na vifaa mikononi. Na pale washiriki wote wanapojua Kiswahili, majadiliano yaendeshwe kwa Kiswahili, kwani ndicho watakachotumia kumweleza mgonjwa. Kampuni za dawa na miwani zinazochangia gharama zitajwe wazi ukumbini, na mtoa mada aliyelipwa nazo aseme hivyo kabla ya kuanza.

Tungependa pia kila mshiriki aje na daftari lake. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limeweka kipimo rahisi: katika macho 100 yaliyopasuliwa mtoto wa jicho, angalau 80 yaweze kuona 6/18 au zaidi, na yaliyobaki na uoni hafifu kuliko 6/60 yasifike matano. Ni vituo vingapi vinavyoandika? Mgonjwa akifunguliwa bandeji siku ya pili, apimwe, namba iandikwe. Akirudi baada ya wiki kadhaa, apimwe tena, kisha asome kupitia karatasi yenye tundu dogo ili ijulikane kama anachokosa ni miwani tu. Namba hizo zikisomwa mbele ya wenzako, bila kutaja majina ya wagonjwa na bila kumwaibisha mtu, zinafundisha kuliko hotuba ya profesa yeyote. Hospitali yenye matokeo mabaya itajua kama tatizo lake ni lenzi zisizopimwa vipimo, darubini chakavu, au mikono ya mpasuaji.

Tutaambiwa siku hizi kuna mtandao, mada zote zisomwe kwenye simu. Zisomwe. Jarida la Community Eye Health limekuwa likitolewa bure tangu 1988 na tunalipendekeza kwa kila kliniki. Lakini muuguzi anayenunua bando kwa mshahara wake hawezi kutazama upasuaji wa saa nzima, na simu haiwezi kumrekebisha jinsi anavyoshika sindano. Isitoshe, mkutanoni ndipo anapopata namba ya bingwa wa hospitali ya rufaa, mtu atakayempigia saa nne usiku akiwa na mtoto aliyechomwa jicho na mwiba. Rufaa nyingi zinazofika salama huanzia kwenye kufahamiana kwa namna hiyo.

Lililobaki ni la fedha na la zamu, na yote mawili yanatatulika. Nauli, malazi na posho ya kujikimu ya mtu mmoja kwenda mkutano wa kanda kwa siku tatu si mzigo wa kuishinda halmashauri inayotengea fedha semina nyingi kila mwaka. Kuhusu kliniki kufungwa, hospitali ya rufaa ya mkoa ina madaktari na wauguzi walio masomoni, na mmoja wao anaweza kushika zamu wilayani kwa siku hizo, akajifunza mengi ambayo wodini haoni. Mratibu wa huduma za macho wa mkoa ndiye wa kupanga hilo, kwa barua moja.

Tunawataka waganga wakuu wa wilaya waingize fungu hilo kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri wa mwaka ujao wa fedha, liandikwe kwa kada husika, muuguzi au tabibu wa macho, ili barua ikifika pasiwe na wa kulichukua njiani. Na waandaaji wa mikutano watenge nafasi za kada hizo tangu mwanzo, kwa ada nafuu, kisha watangaze mwisho wa mkutano wangapi walifika na kutoka wilaya zipi.