Sauti ya Kanisa Tupu

Mwaka jana, baada ya kuuza kahawa, kwaya yetu hapa Itaka ilichanga fedha ikaenda mjini kunasa nyimbo zake. Waliimbishwa katika chumba kidogo chenye sponji kuta zote, halafu fundi akaongeza mwangwi kwa kompyuta. Waliporudi tukasikiliza pamoja. Mzee mmoja wa sauti ya nne akauliza, "Je, ndio sisi hawa, ndani ya pipa?" Na fedha zimekwisha kwenda!

Basi tukajaribu wenyewe kanisani, kwa kinasa sauti cha kuazima.

Kanisa letu lina kuta za matofali, sakafu ya saruji na paa la bati. Likiwa tupu, piga kofi moja: sauti hukimbilia ukutani, hurudi, huenda tena, hata ichoke. Siku ya Dominika husikii hivyo, maana watu na nguo zao huimeza. Jambo hili alianza kulipima mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, jina lake Wallace Sabine, mwaka 1895. Usiku alibeba mito ya viti akaipanga ukumbini, akatazama kwa saa mlio unakawia muda gani kabla ya kufa. Aliona kwamba mtu mmoja humeza sauti karibu sawa na mito sita.

Kwa hiyo tulichagua Alhamisi, watu wakiwa shambani. Kwanza tulikiweka chombo mbele ya midomo ya waimbaji: sauti kavu, na pumzi zote zikasikika. Kisha mlangoni: mvumo mtupu, maneno hayashikiki. Tukakisogeza hatua kwa hatua mpaka benchi la tatu. Hapo maneno yalisikika, na kanisa pia. Tusione haya kuhangaika hivyo. Hugh Tracey, aliyenasa ngoma na nyimbo za Tanganyika mwaka 1950, alishika maikrofoni mkononi akiisogeza huku na huku.

Mvua ikinyesha juu ya bati, nendeni nyumbani tu.

Karibuni mafundi watatia dari. Kelele za mvua zitapungua, na baridi pia, nami nimechanga kwa moyo. Lakini nafasi ya juu ikipungua, mwangwi nao utafupika. Yule mzee ameomba tunase wimbo mmoja zaidi kabla ya mbao kufika. Tutakutana Alhamisi ijayo, saa nne.