Harufu ya Nyama Inauzwa Tena

Kuna wasomi wenye kusema kama hadithi za Abunuwasi ni maneno ya watoto, hazina kazi kwa mtu aliyesoma. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunakataa.

Mnakumbuka ile ya maskini. Alikula chakula chake kikavu akisikia harufu ya nyama ya tajiri, basi tajiri akamshtaki, na maskini akashindwa! Abunuwasi akaleta pesa, akamfanya tajiri asikie mlio wake tu: mwenye kuuza harufu alipwe kwa sauti. Hadithi inaisha mbele chai haijapoa, lakini yatosha kuelewa matangazo. Tangazo ni harufu. Ubaya ni kwamba siku hizi harufu tunailipa franka za kweli.

Tena si jambo jipya kwetu. Karne ya 19 misafara ya kutoka Zanzibar ilileta merikani na ushanga hadi Kasongo na Nyangwe. Jina la kitambaa lenyewe lilitangaza kilikotoka. Leo ni ukuta. Kampuni ileile ya simu iliitwa Celtel, mwaka 2008 ikawa Zain, 2010 ikawa Airtel, na kila mara tulifundishwa kupenda rangi mpya.

Wasanii nao? Franco, ambaye mwaka 1985 alitucheka sana kwa kisa cha Mario, kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, ndiye huyohuyo aliyeimba Azda mwaka 1973 kwa ajili ya wauza magari ya Volkswagen huko Kinshasa. Watu wakacheza tangazo! Hatumlaumu sana, wimbo ni mtamu.

Wa kulaumiwa ni sisi. Tulitunga mchezo mfupi: kijana anauza mbuzi za mahari ya kaka yake, ananunua simu yenye kamera, kumbe hana wa kumpigia. Kampuni moja, jina tuliache, ikatoa viti na vipaza sauti, ikaomba mwisho ubadilishwe: kijana apate mchumba kwa sababu ya ile simu. Tukabadilisha. Makofi mengi! Mama mmoja mzee peke yake akatuuliza: «Wanangu, na mbuzi je?»

Wanaosema bila mfadhili hakuna utamaduni, watujibu: Abunuwasi alifadhiliwa na nani? Mwisho wa kwanza tumeurudisha. Viti tunaazima kwa majirani.