Mafunzo kwa Njia ya Mtandao: Fundisho Kutoka kwa Wauguzi

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilitumwa kuwakagua wanachuo wetu katika baadhi ya shule za msingi za Handeni. Kutoka Korogwe hadi mjini Handeni siku hizi ni safari nyepesi ya lami, lakini mtu akishaiacha barabara kuu na kushika njia za vijijini, hapana budi apande pikipiki na kufunga kitambaa puani. Shule moja niliyoifikia imepakana na zahanati ya kijiji. Uwanja wao ni mmoja na mwembe wao ni mmoja. Chini ya mwembe huo, yapata saa kumi alasiri, nilimkuta muuguzi wa zahanati ameketi juu ya mzizi, simu mkononi, macho yamezama. Nilidhani anaongea na jamaa zake. Kumbe yumo darasani.

Alinieleza kwamba hapo ndipo mahali pekee panaposhika mtandao vizuri, tena baada ya jua kupungua ukali. Somo alilokuwa akilifuata lilihusu mtoto mchanga anayezaliwa bila kulia wala kupumua. Lilikuwa na maelezo, picha zinazotembea, na mwishoni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Akishinda maswali hayo hupata cheti, na cheti kina uzito wake, kwa kuwa Baraza la Wauguzi na Wakunga huwataka wanataaluma wake waendelee kujifunza ndipo leseni zao zihuishwe. Kifurushi cha mtandao alikinunua kwa fedha yake mwenyewe.

Nikamwuliza kama masomo hayo yanamsaidia. Hakujibu upesi. Kisha akasema kwamba hatua zote anazijua, na maswali alikwisha kuyashinda mara mbili; bali usiku mama anapojifungua, taa ni hafifu na mtoto yu kimya, hapo ndipo hujiuliza kama mikono yake inayajua yale ambayo kichwa chake kinayajua.

Ndugu zangu wanachuo, nimelikumbuka neno hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu halimhusu muuguzi peke yake. Ninyi mtakapoondoka hapa chuoni na kupangiwa shule, mtakutana na mambo yale yale. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao sote tumezoea kuuita MEWAKA, unamtaka mwalimu ajifunze akiwa shuleni kwake, na sehemu ya masomo hayo Taasisi ya Elimu Tanzania imeyaweka katika mtandao. Nanyi mtaketi chini ya mwembe fulani, simu mkononi. Swali langu ni moja: baada ya cheti, je, kipindi cha kesho asubuhi kitakuwa tofauti?

Wapo wakufunzi wenzangu wanaodai kwamba mafunzo ya mtandao ni udanganyifu mtupu, na kwamba afadhali turudie semina za zamani, watu wakutane ukumbini kwa siku moja au mbili, wasikilize mhadhara, wale chakula, wapokee posho, warudi makwao. Mimi sikubaliani nao. Nina sababu, na sababu hiyo imetoka hospitalini.

Katika wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Mwaka 2010 watumishi wa wodi ya wazazi ya hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, kwa kutumia mwanasesere mwenye kifua kinachopanda na kushuka kama cha mtoto wa kweli. Msingi wa mafunzo hayo ni dakika ya kwanza: mtoto asiyepumua akaushwe na kuchochewa, na asipoitika apewe pumzi kwa mfuko na barakoa kabla ya sekunde 60 kwisha. Miezi kadhaa baadaye wakunga walipimwa upya. Mbele ya mwanasesere walikuwa hodari kuliko zamani. Watafiti walipotazama yaliyokuwa yakitendeka kwa watoto wenyewe, pale kitandani, wakaona kwamba utendaji haukubadilika. Taarifa ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 2013.

Tafadhali lisomeni tena jambo hili taratibu. Hapakuwa na mtandao hapo, wala simu. Mwalimu alikuwepo kwa mwili wake, vifaa vilikuwepo, watu walijifunza kweli na kupima wakafaulu. Hata hivyo maarifa yaliishia mlangoni mwa wodi. Basi anayedai kwamba ubovu wa mafunzo unatokana na waya ajiulize upya.

Wenyeji wa Haydom hawakukata tamaa wala hawakuanzisha semina ya siku tano. Walimweka mwanasesere ndani ya wodi yenyewe. Mazoezi yakawa mafupi mno, dakika tatu hadi tano, lakini ya mara kwa mara, takriban kila juma, mahali pale pale pa kazi, mtu na mwenzake. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11 hivi hadi 7 hivi katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huu unaotuonyesha kwamba kujua ni jambo moja na kuzoea ni jambo jingine, na kwamba mazoea hayaji kwa kumimina maarifa mengi siku moja.

Sasa turudi katika darasa letu. Tangu mtaala wa Darasa la I na la II ulipoelekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mwaka 2015, walimu wameelezwa mara nyingi kwamba mtoto aanze kwa sauti za herufi, azitambue, aziunganishe, ndipo asome neno. Muulizeni mwalimu yeyote aliyehudhuria mafunzo naye atawaeleza bila kukosea. Kisha ingieni darasani kwake bila hodi. Katika ziara zangu nimewasikia walimu, tena wenye vyeti, wakiongoza kundi zima kuimba silabi ubaoni, watoto wakipaza sauti kwa furaha na macho yao yakiwa dirishani. Sisemi kwamba ni wavivu. Darasa lina watoto wengi, jua ni kali, kengele itagonga karibuni. Katika hali hiyo mtu hutenda alilolizoea, na alilolizoea ni namna alivyofundishwa yeye mwenyewe alipokuwa mdogo. Mkunga naye usiku wa manane hutenda alilolizoea.

Na nisiwe mnafiki. Mimi nami nimewahi kujiandikisha katika kozi ya mtandao kuhusu upimaji wa wanafunzi. Somo la tatu nililiacha lijisomee mezani huku nikichambua mchele. Maswali niliyajibu kwa kubahatisha, nikarudia, nikapata alama 80 na cheti chenye jina langu kwa herufi za kupendeza. Nikiulizwa leo somo la tatu lilikuwa la nini, nitaomba nipewe muda.

Yafaa pia tukumbuke kwamba nchi yetu haikuanza jana kufundisha watu walio mbali. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni 2 walijifunza habari za malaria, kichocho, kuhara damu na magonjwa mengine. Redio ndiyo iliyokuwa mtandao wa siku zile, na kama mtandao wetu, haikuweza kumwona msikilizaji wala kumsahihisha. Lakini waandaaji hawakumwachia mtu redio peke yake. Waliunda vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikawa na kiongozi aliyefunzwa kabla, na kijitabu. Matangazo yakiisha, watu walijadiliana, kisha wakaamua watafanya nini kijijini kwao, wakachimba vyoo na kufyeka majani. Somo lilikuwa halijaisha mpaka jembe lishikwe. Mimi huona kwamba katika ufundi huo wa vikundi walitutangulia kwa mbali, ingawa sisi tuna vyombo bora mara mia.

Mwaka 1974 ulipotolewa uamuzi wa Musoma kwamba watoto wote wa umri wa shule waandikishwe ifikapo Novemba 1977, vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Ndipo mwaka 1976 vijana waliomaliza shule ya msingi walipoanza kufunzwa ualimu wakiwa huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa kuelekezwa na walimu waliowatembelea, huku wakishika darasa. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo. Jina la mwalimu wa UPE baadaye likageuzwa dhihaka, nami sipendi dhihaka hiyo. Aliyenifundisha kusoma alikuwa mmoja wao. Aliwahi kutusimulia jinsi mratibu wake alivyokuwa akifika kwa baiskeli, akiketi nyuma ya darasa bila kusema neno, kisha wakatoka nje wakaongea. Nadhani pale mratibu alipofika, mwalimu alipatikana, na pale baiskeli ilipoharibika na isitengenezwe, tulipata tulichokipata.

Jirani zetu wa Kenya walilipitia jambo hili kwa upande wa wauguzi. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na kampuni ya Accenture, walianza kuwaendeleza kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti wafikie ngazi ya stashahada. Wauguzi waliohitaji elimu hiyo walikuwa zaidi ya 20,000, na kuwaita wote vyuoni kungechukua miaka mingi mno na kuziacha wodi tupu. Vituo vyenye kompyuta viliwekwa katika vyuo na hospitali, mtu akasoma bila kuacha kazi yake. Hata hivyo sehemu ya vitendo haikuhamishiwa katika kompyuta: muuguzi aliendelea kufanya mazoezi wodini, mbele ya msimamizi. Hapo naona busara. Chombo kilipewa kazi inayoiweza, na mtu akabakiwa na yake.

Basi maoni yangu ni haya. Mtandao tuupokee kwa mikono miwili kwa kazi ya kupeleka maarifa, kwa maana kitabu kipya kikifika Handeni kwa gari kitachelewa, na kikifika kwa simu kitafika leo. Lakini mpango wa MEWAKA una kiungo kingine ambacho nakiona ndicho moyo wake, nacho ni jumuiya za ujifunzaji, yaani walimu wa shule moja kukutana na kujadili ufundishaji wao. Nimehudhuria mikutano kadhaa ya namna hiyo. Mingi hugeuka kuwa kikao cha kawaida: taarifa husomwa, daftari la mahudhurio husainiwa, mada hujadiliwa kwa maneno, watu hutawanyika. Hakuna aliyesimama akafundisha. Ni kama wakunga kuketi wakizungumza habari za pumzi wakati mwanasesere yumo kabatini.

Ningependa badala yake mwalimu mmoja asimame mbele ya wenzake kwa dakika tano, achukue kitu kidogo sana, tuseme kumfundisha mtoto kuunganisha sauti tatu kuwa neno, au kutoa kwa kukopa, akifundishe kana kwamba wenzake ni watoto. Wenzake wamwambie jambo moja lililokuwa jema na jambo moja la kurekebisha. Arudie papo hapo. Juma lijalo asimame mwingine. Kazi hii haihitaji posho, wala mgeni kutoka wilayani. Inahitaji mtu asiyeona haya kukosea mbele ya mwenzake, na hilo ndilo gumu, hasa kwa sisi tulio na diploma. Nalo hufunzwa chuoni. Mwanachuo anayejificha nyuma ya wenzake wakati wa vipindi vifupi vya mazoezi, akingoja zamu yake isahaulike, anajiandaa kuwa mwalimu wa vyeti.

Na jambo la fedha tusilifumbie macho. Ikiwa mafunzo haya ni sehemu ya kazi, basi kifurushi cha mtandao ni zana ya kazi kama chaki ilivyo. Hatumwambii mwalimu anunue chaki. Muuguzi yule wa chini ya mwembe hakulalamika, lakini mimi nalalamika kwa niaba yake, na kwa niaba yenu ambao mshahara wa kwanza haujawafikia.

Kabla sijaondoka kijijini pale alinionyesha kitu kilichokuwa kimefungwa ndani ya kanga kuukuu. Alikuwa ameshona mtoto wa kitambaa, akamjaza pamba na mchanga kidogo ili awe na uzito wa haki. Kila Jumatatu asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa, yeye na mhudumu wa zahanati humlaza mezani, mmoja akitenda na mwingine akihesabu sekunde kwa sauti, kisha hubadilishana. Habari za Haydom hakuwa amezisikia. Alilibuni mwenyewe kwa sababu ya hofu yake. Mwanachuo wetu aliyekuwa akifundisha shule ya jirani alikuwa amesimama nami, akatazama, asiseme kitu.

Alhamisi ya juma lililofuata alinipigia simu. Yeye na walimu wawili wa Darasa la I walikuwa wamebaki baada ya saa za kazi, mlango umefungwa, wakafundishana kwa dakika tano tano. Akanieleza kwamba alikosea vibaya na kwamba walicheka sana. Ameahidi kuniandikia yatakayotokea muhula huu, na barua yake ikifika nitaomba nafasi katika kurasa hizi niiweke mbele yenu.