DAKTARI ASEMA TUTEMBEE. MISHOMORONI TUTEMBEE WAPI?

Ukienda kliniki ukakutwa na presha au kisukari, mbali na tembe utapewa agizo moja lisilouzwa dukani: tembea. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha dakika 150 kwa juma kwa mtu mzima, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa kukufanya uheme kidogo lakini bado uweze kuzungumza na mwenzako. Ni agizo jema, nami siligombi. Ninalouliza ni hili: mama wa miaka 55, mkaazi wa Mishomoroni, aambiwapo atembee, atatembea wapi? Barabara ya lami ni ya matatu, tuktuk na bodaboda. Vichochoroni mna mitaro iliyo wazi. Na jua likishatua, kila mtu wa Kisauni anajua kwa nini watu hufunga milango mapema.

Na hali nyuma ya nyumba hizo kuna maji, kuna upepo, kuna uwanja mpana wa macho. Hori la Tudor linaingia kutoka baharini kwa mlango ule mwembamba wa Bandari ya Kale, linapita chini ya Daraja la Nyali, kisha linapanuka likaupakana mtaa wetu na Junda upande mmoja, Tudor na Mikindani upande mwingine. Mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu, itokayo upande wa Mariakani, humwaga maji yake humo wakati wa mvua. Jiji lolote lenye maji kama hayo lingeyageuzia uso. Sisi tumeyapa mgongo, na mgongoni ndiko kunakotupwa taka.

Haikuwa hivyo tangu hapo. Hori hili lilikuwa barabara kabla ya barabara. Wamisionari Krapf na Rebmann walipofungua kituo chao Rabai mwaka 1846, njia ya kutoka kisiwani ilikuwa kwa chombo kupanda na hori, na kabla yao wenyeji walikuwa wakipitisha humo nafaka na pembe. Mikoko ilitoa boriti. Ukiingia katika nyumba kongwe ya Mji wa Kale ukashangaa mbona vyumba ni virefu lakini vyembamba, jibu lake limo matopeni: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Siku ya Mwaka, Waswahili walishuka majini kuoga. Kule Makunduchi, Unguja, desturi hiyo bado ni sherehe kubwa kila Julai, na jina lenyewe, Mwaka Kogwa, lasema ni kuoga. Watoto walijifunza kuogelea bila mwalimu wa kulipwa, wakijua bamvua ni lini na maji mafu ni lini.

Leo mzazi mwenye busara humkataza mwanawe kuyagusa maji yale, na ana haki. Sehemu kubwa ya Kisauni haina mabomba ya kupeleka maji taka popote. Tunategemea vyoo vya shimo na matangi, na chini yetu ni mchanga na jiwe la matumbawe lenye matundu kama mkate wa mofa. Kinachotiwa shimoni hakikai shimoni. Hushuka, hupita jiweni, sehemu ikaingia visimani na sehemu ikatokea ufukoni. Isitoshe, mvua ya masika ikipiga, mitaro hubeba kilichobaki. Na kwa kuwa hori ni refu na mlango wake ni mwembamba, maji ya huku juu hayatoki yote kila yanapokupwa. Mengine huenda na kurudi, na uchafu wake umo mumo.

Hapo ndipo penye kipindupindu, homa ya matumbo, homa ya ini ya aina ya A, na kuhara kwa watoto. Wapenzi wa chaza nao wajihadhari. Mnyama huyu hujilisha kwa kuchuja maji mchana na usiku, na vijidudu vilivyomo majini hujikusanya ndani yake. Chaza wa mikoko ya mjini apikwe hasa, si kutiwa ndimu na chumvi akaliwa mbichi. Ndimu haiui kipindupindu kilichomo ndani ya nyama.

Lakini tusiyasingizie maji makosa yasiyo yake. Kuna wanaodai kwamba hori ndilo linalotuletea kichocho. Konokono wa kichocho huishi katika maji baridi, hawezi maji ya chumvi. Wengine hulaumu mikoko kwa homa ya dengue, iliyotupiga hapa Mombasa mwaka 2013, na kwa chikungunya ya 2017 na 2018, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwenye viungo. Mbu wa homa hizo, Aedes, hutaga katika maji yaliyotuama kwenye vyombo: mtungi usiofunikwa, tairi kuukuu, kopo, chupa iliyokatwa. Kwa hiyo si mkoko unaomzaa, ni takataka tulizotupa chini ya mkoko. Kukata miti kwa kuogopa mbu ni kumchapa asiye na hatia, na mwenye kosa akabaki pale pale.

Na miti imekatwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ulioongozwa na wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ambayo makao yake yako Mkomani hapa hapa upande wetu, ulikuta kwamba kati ya mwaka 1992 na 2009 hori la Tudor lilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake. Nakuomba uisome tena tarakimu hiyo. Iliyokatwa ilipikia chang'aa, ilichoma chokaa, ilijengea vibanda. Pamoja nayo tulipoteza mizizi inayoshika matope na kuchuja sehemu ya uchafu, na mahali pa kamba, kaa, mkizi na tafi kukulia. Mvuvi wa mtumbwi hukuhitaji kumwambia, aliiona katika ndoo yake. Yapo makundi ya vijana na akina mama, Junda na Mikindani, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakipanda mikoko kwa mikono, na pale walipopanda na kulinda, mikoko imerudi. Ila mche mdogo uliozongwa na plastiki na kinyesi hauna maisha. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilisaidia, lakini chupa na nepi za watoto zingalipo.

Msomaji atauliza: Je, yawezekana maji yaliyoharibika kiasi hiki yakarudi? Tazama karibu. Kibarani, pale unapoingia kisiwani, palikuwa jaa la moshi na uvundo kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 2010 lilifungwa, pakatandazwa udongo na kupandwa nyasi na miti. (Taka zenyewe zilielekezwa Mwakirunge, na nani asiyejua kwamba Mwakirunge iko upande wetu wa Kisauni?) Hatua chache kutoka hapo, Daraja la Makupa lilifunguliwa mwaka 2022 kuchukua nafasi ya tuta la zamani lililotenga hori la Tudor na lile la Port Reitz, na nia mojawapo ilikuwa kuyaachia maji yapite tena. Mwaka 2019 bustani ya Mama Ngina, kwenye mlango wa Likoni, ilitengenezwa upya, na sherehe za Mashujaa za Oktoba hiyo zikafanyiwa hapo. Napasifu. Nendeni Jumapili jioni mwone wazee, watoto na wachumba, mihogo ya kukaanga na madafu. Lakini kutoka Mishomoroni hadi pale ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Matembezi ya kulipia nauli hayawezi kuwa dawa ya kila siku.

Ukitaka mfano wa mbali, uko Paris. Kuoga katika mto Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923. Julai 2025 wananchi waliruhusiwa tena kuingia majini katika sehemu maalumu. Hawakuanza na viti vya kupumzikia wala taa za rangi. Walianza na vyoo: mabomba, matangi makubwa ya kuzuia maji ya mvua yaliyochanganyika na kinyesi, na nyumba na mashua zilizokuwa zikimwaga mtoni zikaunganishwa na mabomba. Hadi leo maji hupimwa kila siku ya msimu, na mvua kubwa ikinyesha, bendera hubadilishwa na watu hukatazwa kuingia. Gharama ilizidi yuro bilioni moja, pesa ambazo hatuna. Lakini ule mpangilio wa lipi litangulie haugharimu kitu.

Nairobi nayo inatufunza mawili. Karibu na mzunguko wa Globe, ukingo wa mto uliokuwa jaa uligeuzwa bustani kuanzia mwaka 2008, wakati wa waziri John Michuki, na sasa bustani hiyo ina jina lake. Hilo ni jema. La pili ni chungu: baada ya mafuriko ya 2024, nyumba za maskini zilibomolewa kando ya mito Mathare na Mukuru, na wengi wakaondoka bila pa kwenda. Ikiwa kufufua hori kutakuwa jina jipya la kuwafukuza wapangaji wa Mishomoroni ili mwenye pesa apate mandhari, basi mimi simo. Afya ya mtu aliyelazwa nje haiponywi na bustani.

Wasiwasi wangu mkubwa zaidi si uchafu, maana uchafu husafishwa. Ni ukuta. Kila anayejenga karibu na maji huvuta ua wake mbele kidogo, na kijia walichopita wavuvi kikafa. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Si ya chifu, si ya diwani, si ya tajiri. Lakini ardhi ya umma isiyofikika kwa miguu ni ya umma kwa karatasi tu. Njia tatu au nne za kushukia ufukoni zikipimwa, zikawekwa alama na kuangazwa taa, na kijia cha changarawe kikapita nyuma ya mikoko, yule mama wetu atakuwa amepata zile dakika 150. Watoto nao watarudi kujifunza kuogelea siku maji yatakapopimwa yakafaa. Hilo nalo ni afya: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wakiwemo watoto wengi. Mtoto anayekulia hatua mia kutoka majini bila kujua kuogelea yumo hatarini zaidi kuliko wa Nakuru.

Kabla ya hayo, kuna yaliyo mikononi mwako. Hesabu mita kutoka choo chako hadi kisima. Zikipungua 30, na katika jiwe letu hata zikizidi, chemsha maji ya kunywa au tia klorini, yawe meupe namna gani. Usiwaache watoto waingie horini siku chache baada ya mvua kubwa, na mwenye kidonda asiingie kabisa.

Kila mwaka kaunti huwaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, na kikao hujaa watu wanaoomba lami. Safari hii nenda na maswali mengine. Gari la kunyonya vyoo vya Mishomoroni humwaga wapi? Ni nani anayeyapima maji ya hori, na majibu hubandikwa wapi? Njia za kushukia ufukoni ni ngapi kwenye ramani ya ardhi, na ngapi bado zinapitika? Ukijibiwa, andika jina la aliyejibu na tarehe.