Mla Majani wa Tendaguru

Sisi tukaao Ziwa la Ng'ombe, hapa Kisauni, hatuna haja ya kuelezwa mla majani ni mnyama gani, kwani jina la mtaa wetu lenyewe lamtaja. Ng'ombe hula nyasi, kisha hulala kivulini akicheua. Juma hili napenda kuwasimulia habari za mla majani mwingine wa pwani hii ya Afrika ya Mashariki, ambaye hakutafuna wala hakupata kuona unyasi hata mmoja maishani mwake; maana zama zake, yapata miaka milioni 150 iliyopita, nyasi zilikuwa hazijaota duniani.

Mifupa yake hutoka Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya Lindi, nchini Tanzania, ambako iligunduliwa na Wazungu mwaka 1906. Ni katika jamii ya dinosauri, na wataalamu humwita Giraffatitan, yaani twiga jitu. Zamani aliitwa Brachiosaurus. Jina la twiga si bure. Miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, hata mgongo ukateremka kuelekea mkiani. Mfupa mmoja tu, utokao begani hadi kiwikoni, wapita mita 2: mtu wa kimo cha kawaida akisimama kando yake, mfupa humzidi.

Msomaji atauliza, shingo ndefu kama ile iliinuliwaje? Mifupa ya shingo ilikuwa na nafasi za hewa ndani, kama mifupa ya ndege, ikawa myepesi kuliko ukubwa wake. Zamani watu walidhani kwamba aliishi majini mfano wa kiboko ili maji yambebee uzito. Sasa yajulikana kuwa alitembea nchi kavu. Meno yake mfano wa patasi yalikata majani ya juu mitini, miti ya jamii ya misonobari, akayameza yalivyo. Kazi iliyobaki aliliachia tumbo.

Lakini kutoka kwake ardhini kwanishangaza zaidi. Kuanzia 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig waliongoza uchimbaji, na waliochimba ni mamia ya wenyeji. Reli haikuwapo. Wapagazi waliichukua mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Jumla yake ilizidi tani 200. Ikapakiwa melini kwenda Berlin, na huko mnyama alisimamishwa mwaka 1937. Kimo chake mita 13, na yuko huko hata leo.

Mimi ni karani, na kila mwisho wa mwezi hupitia daftari la vibarua, jina kwa jina. Basi hutazama majina ya wanyama hawa kwa jicho hilo. Twiga jitu wetu alipewa jina la pili, brancai, kwa heshima ya mkubwa wa makumbusho ya Berlin, Bwana Branca. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikumbukwa mwaka 2007, mla majani mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei: jina la kwanza ni la Wamwera, wenyeji wa nchi ile, na la pili ni la Mohammadi Keranje, aliyeongoza kuufukua mkia wake.