Seneta Helms Hatukumpigia Kura

Wakenya tumezoea kulalamikia uchaguzi wetu. Sasa tunalazimika kulalamikia na usio wetu. Kila Wamarekani wanapobadilisha chama Ikulu, zahanati za mitaani kwetu hubadilishiwa masharti.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka 1984 serikali ya Ronald Reagan ilitangaza katika mkutano wa Mexico City kwamba shirika lolote la nje linalotaka pesa za Marekani za uzazi wa mpango lisitoe mimba wala kupigia debe utoaji wake kama njia ya kupanga uzazi, hata kwa pesa lililozipata kwingine. Januari 1993 Bill Clinton akalifuta agizo hilo. Januari 2001 George W. Bush akalirudisha. Januari 2009 Barack Obama akalifuta. Januari 2017 Donald Trump akalirudisha, tena akalitanua liguse karibu misaada yote ya afya, Ukimwi na malaria humo humo. Januari 2021 Joe Biden akalifuta. Januari 2025 Trump akalirudisha. Sisi tulidhani Njaanuari ni mwezi wa karo na madeni ya Krismasi tu. Kumbe pia ni mwezi wa kungoja kalamu ya mtu aliye Washington.

Tuelewane mapema. Sisi tunaonung'unika hapa hatuna msimamo mmoja juu ya kutoa mimba, na hatujidai kuwa nao. Kati yetu yupo mama wa kanisa ambaye ukilitaja jambo hilo anakuombea papo hapo, kwa sauti. Yupo fundi wa pikipiki, mtu wa swala tano, ambaye husema hilo ni la mja na Mola wake, ila dada yake alipokuwa akivuja damu hakumuuliza ilianzaje, alitafuta gari. Yupo mkunga mstaafu aliyeona mengi. Yupo msichana wa kibanda cha M-Pesa ambaye hasemi kitu wazee wakiwapo. Tukiwekwa chumba kimoja tutagombana hadi magharibi. Lakini jambo moja linatukera sote sawasawa: hakuna aliyetuuliza.

Chanzo cha haya yote ni Jesse Helms, seneta wa North Carolina. Januari 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitambua haki ya kutoa mimba katika kesi ya Roe v. Wade. Helms hakuwa na uwezo wa kuipindua hukumu ile kwao, basi akageukia pesa zinazokwenda kwa watu wasiompigia kura. Kabla mwaka haujaisha, sheria ya misaada ya nje ya mwaka 1961 ilikuwa imeongezwa kifungu kinachokataza pesa za msaada kulipia utoaji mimba kama njia ya kupanga uzazi. Kifungu hicho hakingoji rais. Awe Clinton, awe Obama, awe Biden, kilibaki pale pale. Helms alifariki mwaka 2008, na kifungu chake kingali na afya njema kuliko wengi wetu.

Kwenye karatasi, sheria hiyo haimgusi mama ambaye mimba yake imeshaharibika. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikubali kulipia matibabu ya mama wa namna hiyo na mafunzo ya wauguzi wanaomhudumia. Lakini halikununua pampu ya mkono ya kusafishia mfuko wa uzazi, kwa sababu kifaa hicho hicho kinaweza kutoa mimba. Mkunga wetu akifika hapa hupandisha sauti: "Nifundishwe kuogelea, halafu nifungiwe maji?" Mama wa kanisa, ambaye mimba yake mwenyewe iliwahi kuharibika miaka mingi iliyopita, hapo huwa hana ubishi naye.

Wala si kwamba sisi hatuna sheria. Agosti 2010 tulipanga foleni toka alfajiri tukapigia kura katiba. Kifungu cha 26(4) kinasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Makanisa mengi yalifanya kampeni dhidi ya katiba nzima, kifungu hicho kikiwa miongoni mwa sababu zao kuu. Mama wa kanisa alipiga nyekundu, fundi akapiga kijani. Kijani ikashinda. Mama aliumia, lakini alishindwa kwa kura za majirani zake, na siku ya pili waliamkiana. Huo ndio ushinde mtu anaoweza kuumeza.

Wakati sisi tunabishana hivyo, wabunge wa Marekani, akiwemo Chris Smith wa New Jersey, walikuwa wakidai ichunguzwe kama pesa za nchi yao zimesaidia upande wa kijani, maana wana sheria nyingine ya mwaka 1981 inayokataza misaada kutumika kupigania au kupinga utoaji mimba. Katiba ni yetu, foleni ni yetu, jua lililotuchoma ni letu, lakini kesi ikasikilizwa kwao.

Turudi kwenye zahanati. Agizo la Mexico City lilipofufuliwa mwaka 2001, chama cha uzazi wa mpango cha hapa Kenya na Marie Stopes Kenya walikataa kutia saini. Pesa zikakatika, na baadhi ya kliniki zao zikafungwa, ikiwemo moja ya Mathare. Aliyekuwa akienda pale kwa ajili ya sindano ya miezi mitatu, au kupimiwa mtoto, au kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, hakuwa ametia saini wala kukataa chochote. Alifika akakuta kufuli.

Waliotia saini nao wana shida yao. Muuguzi anajua katiba inasema nini, anajua msichana aliye mbele yake amebakwa au ana moyo mbovu, lakini hajui ni sentensi gani itakayogharimu ufadhili wa kituo kizima. Agizo lenyewe lina nafuu kwa ubakaji na kwa mama aliye hatarini, ila nafuu hiyo imeandikwa kwa lugha ya mawakili, na mawakili hawako zamu ya usiku. Kwa hiyo muuguzi anaangalia dari na kumwambia msichana ajaribu kwingine. Huko kwingine tunakufahamu. Ni chumba cha nyuma cha duka la dawa, ni mtu mwenye majani na maneno matamu, ni kipimo asichokijua yeyote.

Tukisema hivi tunaambiwa angalau agizo hilo limepunguza mimba zinazotolewa. Laiti. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha katika jarida la The Lancet Global Health uchunguzi wa nchi 26 za Afrika kusini mwa Sahara. Waligundua kwamba katika nchi zilizotegemea sana pesa za Marekani, wakati agizo lilipokuwa kazini, matumizi ya njia za kisasa za kupanga uzazi yalishuka kwa karibu asilimia 14, na utoaji mimba ukapanda kwa karibu asilimia 40, ukilinganisha na nchi ambazo hazikuzitegemea sana. Mama wa kanisa aliposomewa hayo alinyamaza, kisha akauliza swali la mtu anayejua bajeti ya nyumba: "Sasa hizo pesa walizizuia zifanye kazi gani?"

Na wasidhani tunawachukia Wamarekani. Maskini wao wamo katika nung'uniko hili hili. Mwaka 1976 mbunge Henry Hyde wa Illinois alipitisha kifungu kinachozuia pesa za serikali kuu kulipia utoaji mimba kupitia Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini. Hyde hakuficha. Alisema bungeni kwamba angependa kumzuia kila mwanamke, tajiri, wa kati na maskini, ila chombo alichokipata mkononi ni mswada wa Medicaid tu. Kwa maneno mengine, aliyefikika ndiye aliyeshikwa. Mwaka 1980, katika kesi ya Harris v. McRae, majaji watano dhidi ya wanne walikubali kifungu hicho kisimame, na kila mwaka Bunge lao hukifufua ndani ya sheria ya matumizi ya serikali. Angalau wenzetu wana pa kushika: jimbo linaweza kutoa pesa zake. Illinois, kwao Hyde mwenyewe, lilipitisha sheria ya kufanya hivyo mwaka 2017, ikasainiwa na gavana wa chama cha Hyde. Sisi Helms wetu hatuna jimbo la kumjibia.

Hapo ndipo penye mzizi wa manung'uniko yetu. Sheria inayobana pesa haimuoni mwenye pesa. Mke wa mkubwa akipata shida anapanda lifti ya hospitali ya kibinafsi, anatoka kesho yake na miwani ya jua. Hakuna senti ya Helms pale, basi hakuna kifungu cha Helms. Huku chini ndiko kanuni zinakojaa, kwa sababu huku chini ndiko kila kitu kimeandikwa kwamba ni zawadi ya watu wa Marekani.

Halafu ikaja Januari 2025. Ndani ya siku chache misaada ya nje ikasimamishwa na agizo la Mexico City likarudi. Kufikia Julai USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Mwezi huo huo dunia ikapata habari kwamba serikali ya Marekani inakusudia kuziteketeza bidhaa za kupanga uzazi zenye thamani ya karibu dola milioni 9.7, vijiti, vitanzi, vidonge na sindano, zilizokuwa ghalani Ubelgiji zikisubiri kuletwa Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Maofisa wao waliziita za kutoa mimba. Hazikuwa za kutoa mimba. Zilikuwa za kuizuia isiingie. Mashirika yaliyojitolea kuzichukua na kuzigawa yakakataliwa. Msichana wa M-Pesa, yule asiyesema mbele ya wazee, siku hiyo alisema: "Kwa hiyo hawataki nitoe, na hawataki nizuie. Wanataka nini?" Wazee hawakuwa na jibu.

Lakini nung'uniko lisiloingia nyumbani ni la kinafiki, basi tuingie nyumbani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata ndugu si. Mwaka 2001, mwaka ule ule agizo la Mexico City liliporudishwa, viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Sisi hatujaifikia. Tuliwaachia wageni sindano, tukawaachia vitanzi, tukawaachia dawa za Ukimwi, kisha tunashangaa mgeni anapotuwekea kanuni za meza.

Wizara yetu nayo ilitoa mwongozo mwaka 2012 wa kuwaeleza madaktari na wauguzi lini katiba inaruhusu na lini inakataza. Mwaka uliofuata ikauondoa. Mwaka 2014 ikawakataza wahudumu hata kuhudhuria mafunzo. Ilibidi Mahakama Kuu, Juni 2019, iseme kwamba kuondoa mwongozo ule kulikiuka haki, katika kesi iliyohusu binti aliyebakwa, akaishia kwa mtu asiye na ujuzi, na akafariki kabla hukumu haijasomwa. Seneta hakuwemo katika uamuzi huo wa wizara. Huo ni wetu. Na Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kwa mkoloni, bado inamtishia mtoa huduma kwa miaka 14 na mwanamke kwa miaka 7, ikiwa imekaa kando ya katiba kana kwamba hazijafahamishana.

Wakubwa wetu wakituambia hakuna pesa ya kulipia huduma hizi wenyewe, tunacheka. Pesa inatoka tayari, ila inatokea mlango wa nyuma. Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC walikadiria kwamba mwaka 2012 mimba zipatazo 464,000 zilitolewa nchini, na karibu wanawake 120,000 wakatibiwa madhara katika hospitali. Makadirio yao ya baadaye yalionyesha kwamba mwaka 2016 hospitali za umma zilitumia takriban shilingi milioni 533 kutibu madhara hayo. Hiyo ni kodi yetu. Hakuna mbunge aliyeipigia kura akiwa ameitaja kwa jina. Kodi ya mama wa kanisa imo, ya fundi imo, na hakuna kati yao aliyeambiwa.

Basi, Waheshimiwa wabunge, haya ndiyo tunayoyataka. Bajeti ijayo iwe na mstari unaosomeka wa vidonge, vijiti, vitanzi na sindano, unaolipwa na Hazina yetu, ili uchaguzi wa Ohio na Pennsylvania usiamue ratiba ya zahanati ya Mathare. Hospitali inunue pampu zake yenyewe. Muuguzi apewe mwongozo wenye muhuri, ajue mwisho wa ruhusa uko wapi, aache kuangalia dari. Na kama mnaona katiba ilikosea, leteni mswada wa kuibadilisha mchana kweupe, mtuite kutoa maoni.

Tutakuja. Mama wa kanisa ameshasema atakaa mstari wa mbele kupinga, na fundi atakaa nyuma yake kumjibu. Tutalalamika vizuri zaidi siku hiyo, kwa sababu tutakuwa tunamlalamikia mtu ambaye mwaka 2027 tunaweza kumng'oa.